Namba Iliyolazwa

Kila namba katika kitabu cha matukio cha Kituo cha Polisi cha Mikaratusi ina mwenyewe, isipokuwa zile zilizolazwa. Kulaza namba hakufundishwi chuoni. Konstebo mgeni hufundishwa kwenye kaunta, wiki yake ya kwanza, na mwenzake aliyemtangulia. Mwananchi akija kumshtaki mwizi, andika. Akija kumshtaki jirani, andika. Akija kumshtaki polisi, andika namba na saa, mpe namba hiyo kwenye kikaratasi aende nyumbani akiwa ameridhika, kisha acha mistari minne mitupu. Mkuu wa kituo ndiye atakayesema mistari hiyo ijazwe nini. Mara nyingi hujazwa kitambulisho kilichopotea.

Konstebo Namalwa alikuwa amelaza namba kadhaa katika miaka yake mitatu ya kaunta, tena alizilaza vizuri, kwa mwandiko wa duara uliosifiwa na wakubwa. Namba kumi na tisa ya siku ya Ijumaa aliilaza vivyo hivyo. Jumatatu asubuhi mwenye namba akarudi.

Aliitwa Kasyoka. Aliuza chapati na maharagwe kando ya barabara ya Kabiria, na mkono wake wa kulia sasa ulikuwa na plasta kutoka vidoleni hadi kiwikoni, umening'inizwa kwa leso iliyofungwa shingoni. Alikiweka kikaratasi juu ya kaunta kwa mkono wa kushoto na kukilainisha kwa kidole.

"Hospitali wamesema nilete fomu ya P3, ile ya polisi ya mtu aliyeumizwa," alisema. "Hiyo fomu inataka hii namba. Namba ndiyo hii."

Namalwa hakuhitaji kufungua kitabu, lakini alikifungua. Namba kumi na tisa, saa nne na dakika kumi asubuhi, na chini yake weupe.

"Mkono uko aje, mama?"

"Mifupa mbili. Daktari ameniuliza kama nimegongwa na pikipiki. Nikamwambia ndiyo, lakini hiyo pikipiki ilikuwa imevaa kofia ya serikali."

Watu waliokuwa wameketi kwenye benchi walicheka. Namalwa alijifanya anatafuta kalamu ilhali kalamu alikuwa nayo.

"Urudi kesho. Mkubwa hajaingia."

"Ijumaa uliniambia Jumatatu."

"Najua nilikuambia."

"Leo ndio Jumatatu. Ama yenu polisi huingia Jumanne?" Benchi ikacheka tena. Kasyoka hakuwa akicheka. "Madam, si wewe ndiye ulinipatia hii karatasi? Nimeilinda siku tatu. Nimeiweka ndani ya Biblia isikunjike. Kama ni karatasi ya bure niambie nijue, nifungie chumvi."

Aliyeitazama sura ya Namalwa wakati huo asingeona lolote. Hakukunja uso wala kushusha pumzi. Alikigeuza kitabu kikae sawa mbele yake, akauliza mambo aliyokwisha kuyasikia Ijumaa, na safari hii akayaandika. Kwamba askari walikuja kuwaondoa wachuuzi. Kwamba Koplo Nthiwa alilipiga teke jiko lake likamwaga makaa. Kwamba yeye mlalamishi alimshika koplo shati na kumsihi kwa Kikamba, lugha ya wote wawili, amwache atoe sufuria kwanza. Kwamba koplo alimpiga rungu mara mbili mkononi. Mistari minne haikutosha, hivyo herufi zikawa ndogo kuelekea mwisho. Pembeni, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, aliongeza: *Imeandikwa Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi,* akatia sahihi na namba yake ya kazi.

Sentensi hiyo ya pembeni ndiyo iliyokuja kumponza. Wakati ule alijaza tu fomu ya P3, akaigonga muhuri na kumpa mwenyewe.

"Nani anafuata?" alisema.

* * *

Mkuu wa kituo, Chifu Inspekta Odhiambo, alikuwa mtu mpole aliyekunywa maji ya moto yenye ndimu na kuwachukia watu wanaopaza sauti. Alimwita Namalwa ofisini kabla ya chakula cha mchana. Kitabu kilikuwa mezani, wazi.

"Namalwa, hiki kitabu ni cha nani?"

"Cha serikali, afande."

"Na mimi ni nani?"

"Mkuu wa kituo, afande."

"Sasa serikali na mkuu wa kituo wakiacha nafasi, wewe ni nani wa kuijaza?"

Namalwa alikuwa amesimama wima, mikono imebana mapajani. Alitazama ukuta juu ya kichwa cha Odhiambo, palipokuwa na kalenda ya mwaka jana.

"Mlalamishi alirudi kutaka P3, afande."

"Wanarudi. Kazi yao ni kurudi. Mara ya tatu wanachoka." Odhiambo alikunywa maji kidogo. "Sikia, mimi si mtu mbaya. Nthiwa nitamwita, nitamkanya. Amebakisha miaka miwili astaafu. Lakini hii umeandika, ikisomwa na wale wa kuchunguza polisi, si Nthiwa tu. Wataniuliza namba ingine iko wapi, na ingine, na ingine. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Na usije ukaniletea ile hadithi ya kila mtu hulaza. Nionyeshe karatasi imeandikwa kulaza. Hakuna. Lakini hapa kuna karatasi." Alikiweka kidole kwenye maneno ya pembeni. "Umejaza mstari wa Ijumaa siku ya Jumatatu, na ukajiandikia ushahidi mwenyewe. Hiyo ni kughushi kitabu cha matukio. Nikiamua kukushtaki, sitahitaji hata shahidi."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomsumbua Namalwa zaidi ya yote. Shtaka lilikuwa la haki.

Odhiambo alieleza lililobaki kwa utaratibu kama anayesoma ratiba ya zamu. Ijumaa, Madam Cherotich, mkuu wa polisi wa eneo zima, angekuja kuketi kikao cha nidhamu. Kabla ya faili kufunguliwa, Namalwa angeomba msamaha mbele yake, mbele ya Koplo Nthiwa na askari wote, aseme aliandika akiwa amechanganyikiwa. Angepiga mstari mwekundu juu ya maneno yake na kuweka sahihi. Hapo angepewa onyo la mdomo na kurudi kaunta. Akikataa, faili lingefunguliwa, na kazi ingekwisha siku hiyo hiyo.

"Na nyumba ni ya kazi," alisema Odhiambo kwa upole. "Hiyo unajua. Sio mimi nilitunga."

* * *

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu cha mawe nyuma ya kituo, katika safu ambazo askari huziita laini. Chumba kiligawanywa katikati kwa pazia. Upande wa dirisha aliishi Namalwa na mumewe Jackton Obuya na binti yao wa miaka miwili na nusu, Joyline. Upande wa mlango waliishi Koplo Nthiwa, mkewe Carolyne na watoto watatu. Ili kufika kwake, Namalwa alipita kwa Nthiwa kila siku, kati ya kitanda na kabati, akisema hodi na samahani.

Pazia lilikuwa zuri. Jackton alikuwa fundi cherehani mjini, na alilishona kwa kitambaa kizito cha kijani, upindo mara mbili, lisipitishe mwanga. Sauti lilipitisha zote. Kwa miaka mitatu familia hizo mbili zilijua kikohozi, chakula na ugomvi wa wenzao, na zilijua kunyamaza. Namalwa alipokuwa zamu, Joyline alikaa kwa Mama Emmah, ndivyo Carolyne alivyoitwa na wote, na hakuna aliyewahi kuzungumzia malipo.

Jumatatu jioni Namalwa alipita kati ya kitanda na kabati. "Hodi. Samahani, Mama Emmah."

Carolyne alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. Joyline alikuwa upande wa dirisha, peke yake, ameketi sakafuni na viatu vyake mguuni.

"Nani amekuvalisha viatu?"

"Mama Emmah. Ameniambia nirudi kwetu."

"Tangu saa ngapi?"

Mtoto hakujua saa. Alisema amelala kidogo, akaamka, akalala tena. Sahani yake haikuwa imeguswa na sufuria ilikuwa imefunikwa vilevile Namalwa alivyoiacha alfajiri. Alipogeuka kulivuta pazia, alilolipita kwa ubavu bila kufikiri, aliona kwamba limebanwa kutoka upande wa pili, kwa pini, kutoka juu mpaka chini, na kuachwa nafasi ndogo tu ukutani ya kupitisha mtu mmoja kwa ubavu.

Jackton aliporudi kutoka mjini alipita kwa ubavu, akazihesabu pini kwa macho, akaketi kitandani.

"Umefanya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini sana.

Namalwa akamweleza. Alieleza kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona, na upande wa pili mchele uliacha kuchambuliwa.

* * *

Duka alikofanya kazi Jackton lilikuwa Mtaa wa Biashara, katikati ya jiji, na lilishona sare za shule. Mwenye duka, Jashoda, mwanamke wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, alikuwa amelirithi kutoka kwa baba mkwe na alilisimamia kwa kelele. Jumatano alimkuta Jackton amekata mikono thelathini ya sweta, yote ya kushoto.

"Obuya! Hii shule watoto wake hawana mkono ya kulia?"

"Samahani, mama."

"Samahani yako nitavalisha nani? Wewe miaka tisa hujaharibu kitambaa. Kuna mtu amekufa?"

Jackton alimwambia, kwa kuwa alihitaji kumwambia mtu asiyeishi nyuma ya pazia. Jashoda alisikiliza huku akiigeuza ile mikono ya sweta kuona kama itaokoleka.

"Basi aombe msamaha," alisema. "Shida iko wapi? Mimi naomba msamaha kila wiki. Askari wa kanjo wakija naomba. Shule ikisema rangi si hiyo naomba, na rangi ni hiyo. Kuomba msamaha ni kama kulipa maji."

"Yeye si mtu wa kuomba, mama."

"Wewe andika, yeye asaini. Kuja hapa."

Aliketi mbele ya kompyuta ya duka na kuandika barua mwenyewe, kwa vidole viwili, akiwa na fahari kubwa kwa Kiswahili chake. Alikuwa amezoea kuwaandikia wateja, na mkono ulifuata mazoea. Barua ilisema kwamba Konstebo Namalwa anasikitika kwa usumbufu uliojitokeza, kwamba hitilafu hiyo haitarudiwa, na kwamba anathamini ushirikiano mwema wa Koplo Nthiwa na kituo kwa jumla. Jackton aliisoma mara mbili. Alifikiria kumwambia kwamba hii ni barua ya sweta. Lakini ilikuwa imepigwa chapa, ilikuwa nadhifu, na chini yake palikuwa na nukta za kuwekea sahihi. Aliikunja mara tatu akaiweka mfuko wa ndani.

"Mikono ya kulia utakata bure," Jashoda alimkumbusha. "Hiyo iko kwa mshahara yako."

* * *

Katika nyumba ya pazia hakuna mlango wa kubishwa. Mtu hukohoa. Alhamisi mchana, Namalwa akiwa amepewa mapumziko ya lazima na mkuu wa kituo, alisikia kikohozi kutoka upande wa pili, kikohozi kilichopangwa.

"Namalwa."

"Koplo."

"Nikikuita Mama Joy utaitika?"

"Naitika."

Kitanda cha upande ule kililia. Nthiwa alikuwa ameketi. Namalwa aliendelea kukunja nguo za mtoto. Hawakuonana katika mazungumzo yote yale, na huenda ndiyo maana yalikuwa ya adabu.

"Tulitumwa kutoa watu wa barabarani. Unajua. Amri ilitoka juu."

"Najua."

"Yule mama alinishika shati. Mbele ya vijana. Vifungo viwili vikatoka, vijana wakaanza kunizomea."

"Hiyo ya shati nimeiandika."

"Uliandika kwamba alinishika?"

"Niliandika vile alivyosema. Hakuficha."

Nthiwa alikohoa tena, safari hii bila kupanga. "Sikuja kukuambia uliandika uongo," alisema. "Sijasema hivyo kwa mtu yeyote. Nasema ungekohoa tu. Ungeniambia, Baba Emmah, iko hivi na hivi, nakuandika. Ningeenda kwa huyo mama nimwombe. Mimi na wewe tunagawana choo, Namalwa."

"Ungeenda?"

"Ningeenda."

"Ijumaa haukuenda. Jumamosi haukuenda."

"Ijumaa namba ilikuwa imelala," alisema Nthiwa, kwa unyofu kabisa. "Ningeenda kwa nini?"

Hakuona alichokisema. Namalwa alikiona, akakiacha kipite, akachukua gauni jingine na kulikunja.

Ndipo Carolyne, aliyekuwa hapo muda wote bila kusema, alipozichomoa pini tatu za juu na kuingiza kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimeenda kwa huyo mwanamke wenu Kabiria," alisema. "Nimempelekea sukari kilo mbili na unga. Unajua amenifanyia nini? Amepokea! Ameniambia asante, sukari nimepokea, sasa nenda umwambie bwana yako mkono bado unauma. Ameketi hapo anakanda unga na mkono moja, mtoto wake anashikilia beseni. Ati hataki pesa. Ati anataka hiyo kesi isomwe."

"Mama Emmah..."

"Usiniite. Ulipokuwa unashikwa na uchungu wa huyu Joyline, nani alikushika mgongo mpaka gari ikakuja? Koplo ndiye alisukuma gari. Kwa mvua. Na wewe unachukua kalamu unaandika majina yake yote matatu, kama jambazi!"

"Fomu inataka majina matatu."

"Mungu wangu," Carolyne alisema, akitazama dari. "Fomu inataka."

Alizirudisha pini, moja moja.

* * *

Jioni hiyo Jackton aliitoa barua na kuifungua juu ya goti lake. Aliisoma kwa sauti, kwa sababu aliona upande wa pili nao una haki ya kuisikia. Alipofika kwenye usumbufu uliojitokeza, Namalwa aligeuza uso.

"Unacheka?"

"Sicheki. Nani ameandika?"

"Jashoda."

"Nilijua. Inabaki tu kusema bidhaa iliyouzwa hairudishwi."

Jackton hakutabasamu. Alikuwa mtu mwembamba, mtulivu, ambaye hasira yake ilijitokeza kwa namna ya kunyoosha vitu. Aliinyoosha barua.

"Mama Joy, huyo mama wa chapati anajua jina lako?"

"Hajui. Ananiita madam."

"Basi. Kesho ukifukuzwa, hatajua amefukuzwa nani. Atasikia kuna madam hayuko tena. Mimi najua jina lako. Joyline anajua. Tutatoka hapa na kitanda na cherehani twende wapi? Riruta chumba kama hiki ni nusu ya mshahara wangu, na mshahara wangu wiki hii una mikono thelathini ndani."

"Najua."

"Kila kitu unajua! Nikuulize moja. Zile zingine ulilaza, hao hawakuwa na mikono?"

Lilikuwa swali gumu kuliko lolote aliloulizwa wiki hiyo, na lilitoka kwa mtu aliyempenda.

"Walikuwa nayo," alisema Namalwa. "Hao hawakurudi."

"Kwa hivyo ni kwa sababu amerudi."

"Ni kwa sababu amerudi na mimi ndiye nilikuwa kwa kaunta. Angekuta mtu mwingine, angeambiwa kesho mpaka achoke. Sikupanga, Jackton. Usifikiri mimi ni shujaa. Nilikuwa nasikia aibu ile watu wanacheka."

"Sasa aibu imeisha. Saini."

"Nikisaini nasema nini? Kwamba hakumpiga?"

"Unasema ulichanganyikiwa."

"Sikuchanganyikiwa."

"Kwani mtu akisema amechanganyikiwa atapimwa?"

Upande wa pili wa pazia, Koplo Nthiwa alicheka kidogo kabla hajajizuia. Kwa muda mfupi wote wanne walikuwa nyumba moja tena. Kisha Jackton akaweka barua juu ya meza, akaweka kalamu juu ya barua, na kulala akiwa ameukabili ukuta.

Asubuhi barua ilikuwa palepale, na nukta zake zilikuwa tupu. Namalwa alikuwa ameamka mapema kupiga viatu rangi.

* * *

Askari anayeingia kwenye kikao cha nidhamu huvuliwa kofia na mshipi. Hakuna anayekumbuka sababu. Wengine husema ni ili asije akautumia mshipi kumpiga afisa, wengine husema ni ili ajue mapema jinsi raia anavyojihisi. Sajini wa zamu, aliyekuwa akila kwa Namalwa kila Krismasi, alinyoosha mkono bila kumtazama.

"Kofia. Mshipi."

Namalwa alipungua kilo kadhaa baada ya kumwachisha mtoto ziwa na sketi yake ilikuwa ikishikiliwa na mshipi huo. Alipoutoa, sketi iliteremka hadi kwenye nyonga, akalazimika kuibana kwa kiwiko. Sajini aliona. Alianza kusema neno, akaliacha.

"Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Simama!"

Chumba kilikuwa ni ukumbi wa chai wa kituo, viti vimesukumwa ukutani. Askari kumi na sita walisimama nyuma. Koplo Nthiwa alisimama pembeni ya meza, vifungo vyake vyote vimeshonwa upya. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, na kwenye benchi ya nje waliketi Jackton, aliyeomba ruhusa kazini, na Carolyne, wameacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Joyline aliingia katika nafasi hiyo na kulala, kichwa kwa Carolyne. Carolyne alimwacha alale.

Madam Cherotich alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Faili lilikuwa mbele yake, limefungwa. Alikuwa amekisoma kitabu cha matukio chote, si namba kumi na tisa peke yake, na mkuu wa kituo, aliyeketi kando yake, alijua hivyo, maana maji yake ya ndimu hayakuwa yameguswa.

"Konstebo, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, madam."

"Uliandika Jumatatu kwenye nafasi ya Ijumaa?"

"Ndiyo, madam. Hilo ni kosa na nalikubali. Na Ijumaa niliacha nafasi hiyo tupu, na nyingine kabla yake. Hayo pia ni makosa yangu. Niko tayari kuadhibiwa."

Askari wa nyuma walisogeza miguu. Odhiambo aliitazama ndimu.

"Hatuko hapa kwa hizo nyingine," alisema Madam Cherotich. Alivua miwani. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ya mtu anayemwambia mdogo wake ashike ukuta asianguke. "Msichana wangu, nisikilize. Nimekaa kazi hii miaka ishirini na nane. Nimewaona waongo wengi mahali umesimama, na wewe si mmoja wao. Sitaki kulifungua hili faili. Nikilifungua sitaweza kulifunga, sheria hainiruhusu, na leo jioni utakuwa unatafuta gari la kubeba kitanda. Mkuu wako amekuachia mlango. Koplo huyu hapa. Mgeukie, umwambie samahani, nilichanganyikiwa. Maneno mawili. Kalamu nyekundu hii. Halafu sote twende tukanywe chai."

Nje, Jackton alikuwa amesimama. Hakuwa ameambiwa asimame.

Namalwa alimgeukia Nthiwa. Wote waliona akigeuka, na sajini alishusha pumzi, akaanza kuukunjua mshipi tayari kumrudishia. Nthiwa naye aliinua uso. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, bila kitambaa chochote katikati, na ni Nthiwa aliyetazama chini kwanza.

"Koplo," alisema Namalwa, "wewe ni jirani yangu. Mtoto wangu amelelewa na mke wako na sitasahau. Yale mengine niliyokukosea nyumbani nitakuomba msamaha nyumbani." Alikibana kiwiko zaidi, sketi isiteremke. Kisha akaigeukia meza. "Kwa hili la kitabu, hapana. Alimpiga, mkono ukavunjika, nikaandika. Siombi msamaha, madam."